Maji ya Magome

Yoeli alipofika ubeti wa tatu tarumbeta lake lilikatika, na usharika mzima wa Kifanya ukajua kwamba amekimbia tena. Hakuna aliyegeuka kumtazama, maana walikuwa watu wa adabu zao, lakini mabega ya wanawake wa mabenchi ya nyuma yalianza kucheza, na Esteria mkewe aliyaona yote. Akakaza macho kwenye kitabu cha nyimbo kana kwamba maneno yamebadilishwa tangu Jumapili iliyopita. Kutoka nje ukasikika mlango wa choo cha mchungaji ukifungwa kwa nguvu.

Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka 1960, na Yoeli alikuwa akikimbia tangu Januari.

Tarumbeta lenyewe lilikuwa la besi, kubwa kuliko yote ya usharika, lile ambalo mpulizaji hulikumbatia mapajani. Baba yake, mzee Manase, alilipuliza miaka ishirini na mitatu, akafa siku moja baada ya kulisafisha. Yoeli alilirithi kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuligusa. Yoeli mwenyewe alikuwa mfupi, kipande cha mtu, na wageni waliomwona njiani na mzigo wake walidhani tarumbeta linatembea lenyewe. Lakini alipolipuliza, vioo vya dirisha la kanisa vilitetemeka, na watoto waliolia walinyamaza.

"Baba Idda, twende hospitali," Esteria alimwambia wakirudi nyumbani. "Huku si kuhara kwa mahindi mabichi."

"Nimeshazoea."

"Umezoea wewe. Mimi sijazoea kutazama kitabu."

Wakaenda Njombe. Daktari msaidizi aliyewapokea aliitwa Abrahamu, kijana mwenye miwani na maswali mengi, na alimuuliza Yoeli mambo ambayo hata mkewe hakuwahi kuthubutu kuyauliza: mara ngapi kwa siku, rangi gani, kuna ute, kuna damu. Yoeli alijibu akitazama dari. Choo chake kilipimwa kwa hadubini siku mbili, hawakuona amiba wala minyoo.

"Utumbo wako mpana umevimba kwa ndani," Abrahamu alisema. "Umewaka, kama koo linavyowaka mtu akiwa na mafua makali. Chanzo chake sikijui, na vitabu nilivyosoma navyo vinabishana. Nitakupa vidonge. Kula vitu laini, usinywe pombe, urudi baada ya miezi miwili."

"Na kupuliza tarumbeta?"

Abrahamu alivua miwani. "Tarumbeta gani?"

Yoeli akaonyesha ukubwa wake kwa mikono miwili, na mikono haikutosha.

"Ukiweza kusimama wima bila maumivu, puliza. Usipoweza, mpe mwingine."

Hilo la kumpa mwingine Yoeli hakulisikia, au alilisikia akaliacha palepale chumbani. Walipokuwa wakitoka, muuguzi alipita na sinia la chakula cha mgonjwa mmoja Mzungu: mkate mweupe uliokatwa vipande, maziwa ndani ya bilauri, yai la kuchemsha. Yoeli akamshika mkewe mkono.

"Umeona?" alinong'ona. "Hivyo ndivyo vitu laini."

Tangu siku hiyo hakutaka tena kuona ugali wa ulezi, wala boga, wala mboga ya majani ya aina yoyote. Majani, alisema, ni ya mbuzi na ya watu wenye afya. Esteria akawa anapanda lori la kampuni ya miti ya miwati kila Jumamosi, lori lile lile lililomchukua Yoeli na wanaume wengine kwenda kazini kubandua magome, anashuka Njombe kununua mikate na maziwa ya kopo. Shilingi zilizokuwa za sare ya shule ya mtoto wao Idda ziliishia humo.

"Mama, siku hizi una Mzungu nyumbani?" mwenye duka alimuuliza mbele ya watu.

"Ninaye," Esteria alijibu akihesabu makopo. "Ila hajui Kiingereza."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, halafu akalia kidogo ndani ya lori akijifunika kwa kanga, kwa sababu hiyo ilikuwa wiki ya tatu ya mikate na Yoeli alikuwa amekonda mpaka mkanda wake umeongezwa matundu mawili.

*

Mwalimu Methusela, kiongozi wa matarumbeta, alikuja jioni moja akiwa ameshika kofia mkononi. Mtu akija kwako na kofia mkononi, hajaleta neno tamu.

"Ndugu yangu Yoeli, Sikukuu ya Mavuno mwaka huu ni Makambako, pale Lyamkena. Sharika tisa. Wimbo wa mwisho unaujua. Besi inashika sauti moja hesabu kumi na sita, bila kupumua, wengine wote wamenyamaza."

"Naujua. Baba aliupuliza."

"Basi nilikuwa nafikiri..."

"Ulikuwa unamfikiri Yosefu."

"Yosefu ana kifua."

"Yosefu ana kifua, hana sikio."

"Lakini kifua anacho," Methusela alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Mwezi wa sita nitakusikiliza. Ukishindwa, tarumbeta litakwenda kwa Yosefu. Si mimi, ni wimbo."

Alipoondoka, Yoeli alilishusha tarumbeta kutoka ukutani akalipangusa, ingawa lilikuwa linang'aa. Akalipangusa mpaka taa ikaishiwa mafuta. Esteria alimtazama akaona uchungu wa kweli, si wa tumbo, akatamani awe na mtu wa kumuuliza.

Mtu huyo alikuja bila kuitwa kwa ajili ya tumbo. Aliitwa kwa ajili ya mahindi.

*

Bibi Bertila, mama yake Esteria, alitoka Bulongwa mwanzoni mwa mwezi wa tano, siku mbili juu ya malori, kuja kumsaidia binti yake kuvuna. Alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope na kapu la mbegu begani.

"Kamwene, mama," Esteria alimsalimia.

"Kamwene, mwanangu. Mwenye nyumba yuko wapi, nijue pa kupita?"

Swali hilo lilikuwa na maana yake. Kwa desturi yao, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kuhusu mambo ya mwili, hayo hata hayatajwi. Mkwe anayetaka kufungua uso huja na mbuzi, na maneno, na mashahidi. Yoeli alikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na bado hajaja na mbuzi. Mwaka huu alisema bei imepanda, mwaka ule alisema mbuzi wamekonda, na ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya. Kwa hiyo Bibi Bertila alimjua mkwewe kwa mambo matatu tu: kikohozi alichokikohoa kabla ya kuingia uani ili yeye apate kujifunika, sahani zilizorudi jikoni, na mlio wa tarumbeta.

Alikaa nyumba ya jikoni, iliyokuwa peke yake nyuma ya nyumba kubwa. Na hapo ndipo pabaya, maana njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya mlango wa jikoni. Mtu anayekimbia kama Yoeli hana nafasi ya kukohoa kwanza. Basi siku ya kwanza tu akagundua njia nyingine: alizunguka nyumba kwa upande wa pili, akajitosa kwenye mahindi yaliyokauka, akatokea chooni kwa nyuma. Aliona amefanya kitu cha akili sana.

Bibi Bertila alikuwa akipepeta ulezi. Alisikia mahindi yakipiga kelele, shwaa, kwenda. Baada ya muda, shwaa, kurudi. Siku ile alisikia mara saba. Akaendelea kupepeta.

Wiki iliyofuata wanawake watano wa jirani walikuja kusaidia kuvuna. Walikata upande wa chini, wakakata upande wa juu, na walipofika nyuma ya nyumba Bibi Bertila alisimama mbele ya mapanga yao.

"Huu mstari uacheni."

"Mama, umekauka kuliko yote," Esteria alisema.

"Nimesema uacheni. Una ndege wangu."

Wanawake wakatazamana, wakacheka, wakauacha. Esteria peke yake ndiye hakucheka. Alisimama na panga mkononi akiutazama ule ukuta mwembamba wa mahindi uliobaki katikati ya shamba tupu, kutoka pembe ya nyumba hadi chooni, akaelewa, na moyo wake ukajaa.

*

Yoeli alikuwa amekataza. "Usimwambie mama yako hata neno moja," alikuwa amesema. "Mkwe asikie habari za tumbo langu? Afadhali nife." Esteria hakumwambia. Lakini sahani zilisema. Mkate ulirudi umeng'atwa pembeni. Maziwa ya kopo yalirudi na utando juu. Bibi Bertila alikuwa akiipokea kila sahani kama karani anayepokea barua, anaigeuza, anainusa, anaiweka chini.

"Haya maziwa akiyanywa, mahindi yanapiga kelele kabla jua halijahama," alisema siku moja, akimwambia moto.

Kisha katikati ya mwezi mambo yakageuka. Siku mbili nzima mahindi yakanyamaza. Esteria alianza kumshukuru Mungu. Yoeli alitembea ameinua kichwa, midomo mikavu, akasema vidonge vimefanya kazi. Siku ya tatu alirudi kutoka kwenye miwati amejikunja, akalala kifudifudi bila kuvua viatu, na siku ya nne mahindi yalipiga kelele mara kumi na moja.

Jioni ya siku ya tano alijilazimisha kufanya mazoezi. Mlio ulitoka mfupi na mzito, ukafa njiani. Jikoni, Bibi Bertila aliinua kichwa.

"Leo lina kitu kooni."

"Nani, mama?"

"Tarumbeta. Tangu nimekuja lilikuwa linaumwa tumbo. Leo linaumwa na koo. Kesho tazama ndani."

Asubuhi Yoeli alipokwenda kazini, Esteria alilishusha tarumbeta kwa woga, maana hakuwahi kuligusa bila ruhusa. Akaingiza mkono mdomoni mwa tarumbeta. Kwanza akatoa chupa ndogo iliyozibwa kwa gunzi. Akaingiza tena mpaka begani, akavuta kitambaa kilichosahaulika huko ndani, kimelowa, rangi ya chai nzito. Harufu yake aliijua. Ilikuwa harufu ya mashati ya Yoeli ya kazini.

Alionja tone moja. Ulimi ukamkauka papo hapo, mashavu yakashikamana na meno. Bibi Bertila alionja pia, akatema majivuni.

"Hiki kitu cha wapi?"

"Magome ya miwati, mama. Yanalowekwa, maji yake yanakaza ngozi za ng'ombe. Ngozi ikitoka humo inakuwa viatu."

Bibi Bertila aliigeuza ile chupa mikononi. Halafu akasema, "Masikini, mtoto wa watu," na Esteria akashangaa kuona macho ya mama yake yana machozi. "Mwambie aache, leo hii."

"Sitamwambia."

"Unasemaje?"

"Sitamwambia, mama. Nimekuwa daraja wiki tatu nzima. Wewe unapita juu yangu na sahani zako, yeye anapita juu yangu na siri zake. Ukuta huu hapa. Mtaongea wenyewe."

*

Yoeli aliporudi alikuta chupa iko juu ya benchi, lile lililoegemea ukuta wa jikoni, na pembeni yake tarumbeta. Mkewe alikuwa amesimama karibu na ghala, mikono kiunoni.

"Kaa hapo," alimwambia. "Kuna mtu anataka kuongea."

Yoeli alitazama chupa, akatazama ukuta, akakaa. Alilipakata tarumbeta kwa kukosa pa kuweka mikono. Ndani ya jikoni mfuniko ukagonga.

"Wewe chungu," ilisema sauti ya Bibi Bertila, nzito, ya Kikinga, "nimesikia kuna mtu anakunywa maji ya kukazia ngozi."

Yoeli alijipangusa jasho usoni. Kumjibu mkwe moja kwa moja kuhusu jambo kama hilo lilikuwa jambo lisilowezekana. Akatazama chini, akaliona tarumbeta.

"Wewe tarumbeta," alisema polepole, "mweleze mwenye chungu kwamba wenzangu kazini walinionyesha ngozi ya ng'ombe. Iliingia laini, ikatoka ngumu kama soli. Nikafikiri, tumbo linalovuja nalo si ngozi?"

"Chungu, muulize kama liliacha kuvuja."

"Tarumbeta, sema liliacha siku mbili."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu niliomba kufa, mama."

"Nani anaongea na mimi?" sauti ilisema kwa ukali. "Mimi naongea na chungu."

"Tarumbeta," Yoeli alijisahihisha haraka, "siku ya tatu niliomba kufa."

Esteria aliziba mdomo kwa kanga akainama nyuma ya ghala.

"Chungu, mwambie hivi. Marehemu baba yake Esteria alikuwa na tumbo la namna hiyo hiyo, na nilimpikia miaka kumi na minane. Kila jani lina kitu ndani yake, na kila gome lina kitu. Kingine kinatuliza, kingine kinakausha. Mtu asipojua anauliza. Kuuliza chungu si aibu."

Kuku alipita katikati yao bila kujua ukubwa wa jambo.

"Tarumbeta," Yoeli alisema mwishowe, sauti imemshuka, "muulize mwenye chungu alijuaje. Mke wangu aliapa hatasema."

"Chungu, mwambie mahindi yana kelele."

Yoeli aligeuka akautazama ule mstari mwembamba uliosimama peke yake katika shamba lililovunwa, kutoka pembe ya nyumba hadi chooni, ambao kwa wiki mbili alikuwa akijiuliza kwa nini wanawake wameusahau. Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika, na Esteria alikimbia akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema linauma, akacheka tena, na ndani ya jikoni Bibi Bertila naye alikuwa anakoroma kwa kicheko huku akikigonga chungu kwa mwiko.

*

Mikate ikakoma siku hiyo. Bibi Bertila alianza na uji wa ulezi, mwembamba, uliochujwa mara mbili. Siku ya nne akaongeza boga lililopondwa mpaka halina nyuzi. Majani ya maboga alikwenda kuyachuma kwenye kinyungu, ile bustani ya bondeni ambayo haikauki kiangazi. Alichagua machanga tu, akayamenya nyuzi moja moja kama anayemvua mtoto nguo, akayapika mpaka yakalainika kabisa. Maharage alisema bado. Maziwa ya kopo akampa paka, na paka akanenepa.

Kila sahani ilirudi na habari. "Boga amelimaliza," alisema. "Majani kaacha robo, kesho nitapunguza chumvi." Siku moja aliweka mnavu mchungu kujaribu, na usiku mahindi yalipiga kelele mara tatu. Asubuhi akakiambia chungu kwamba kosa ni lake, na benchi la nje likajibu kwamba tarumbeta halina kinyongo.

Kufikia mwanzo wa mwezi wa sita mahindi yalikuwa yanasikika mara mbili kwa siku, na kwa mwendo wa kutembea.

Walirudi Njombe kwa Abrahamu. Yoeli alimweleza yote, hata chupa, safari hii akimtazama usoni. Abrahamu aliposikia habari ya magome alikaa chini.

"Chai unayokunywa ina kidogo cha kitu hicho hicho," alisema. "Ndiyo maana chai kali inakausha ulimi. Lakini wewe ulikunywa cha kutengenezea viatu." Kisha akachukua karatasi. "Hayo majani anayapikaje? Anayachemsha muda gani? Ulezi anauchuja kwa nini?"

Esteria alimjibu, naye akaandika ukurasa mzima.

"Kwa hiyo ni majani yaliyomponya?"

"Sijui, mama. Inaweza kuwa vidonge, inaweza kuwa majani, inaweza kuwa kuacha magome na maziwa. Inaweza kuwa kucheka. Na hajapona, ametulia tu, ugonjwa unaweza kurudi. Lakini mimi nilisema vitu laini, sikusema vyeupe." Akamgeukia Yoeli. "Mwambie mama mkwe wako aendelee."

"Nitaliambia tarumbeta," Yoeli alisema.

Abrahamu alimwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ana homa.

*

Methusela alimsikiliza Jumapili ya pili. Yoeli alishika hesabu kumi na moja, akaishiwa.

"Mwezi uliopita ulikuwa na nne," Methusela alisema, akikuna kidevu. "Nakuachia. Lakini Makambako Yosefu atakaa karibu yako. Nikimpa ishara, atalichukua."

Basi Yoeli akakubali. Siku tatu kabla ya safari, Bibi Bertila alitoka jikoni asubuhi akatazama ule mstari wa mahindi, uliokwisha kuinama kwa upepo.

"Mama Idda, chukua panga," alisema. "Sasa ukateni."

"Na ndege wako?"

"Wamejifunza kukohoa."

Siku ya sikukuu Makambako palikuwa na baridi ya mwezi wa saba, mtu akisema anatoa moshi. Kwenye uwanja wa Lyamkena sharika tisa zilikuwa zimekaa na vikapu vya mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu, na blanketi kila bega. Bibi Bertila alikaa upande wa wanawake, ameligeuzia kundi la matarumbeta mgongo, blanketi kichwani mpaka puani. Esteria alikaa karibu naye akitazama kule mama yake asikoweza kutazama.

"Yupo wapi?"

"Mwisho, upande wa kushoto. Yosefu yuko karibu yake. Ameshakunja mikono ya shati."

"Amekula?"

"Uji na boga."

Wimbo wa mwisho ukaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, na ubeti wa tatu Esteria akajikuta anatafuta kitabu cha kutazama, lakini hakuwa nacho. Kisha matarumbeta yote yakanyamaza, na besi ikaingia.

Bibi Bertila alianza kuhesabu kwa vidole juu ya goti. Nne. Nane. Mlio ulikuwa umetulia, mpana, unapita chini ya miguu ya watu. Kumi na moja, akarudia mkono wa kwanza, na Yosefu akasogea. Kumi na tatu, Methusela akageuza macho, mkono wake ukaanza kuinuka. Bibi Bertila hakuona lolote kati ya hayo, lakini alitikisa kichwa chini ya blanketi.

"Asimguse," alisema. "Bado lina pumzi."

Kumi na sita. Mlio uliendelea hesabu mbili zaidi, kwa raha yake tu, na Methusela akasahau kushusha mkono, na kuku wote waliofungwa miguu wakanyamaza. Ulipokatika, ulikatika pale Yoeli alipotaka. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Esteria alilia waziwazi na hakujifunika kitu.

Watu walipokuwa bado wanapiga makofi, wanawake wakaanza kupisha njia. Yoeli alikuwa anakuja, tarumbeta begani, na kwa mkono mwingine anavuta mbuzi. Mbuzi alikuwa mnono, aliyenunuliwa mnadani asubuhi ile na Methusela kwa fedha alizopewa na Yoeli, na Methusela mwenyewe alikuwa nyuma kama shahidi, safari hii kofia ikiwa kichwani. Yoeli alisimama hatua tatu kutoka kwenye blanketi. Akakohoa.

Bibi Bertila hakuondoka. Yoeli akapiga goti, akaweka kamba ya mbuzi mkononi mwa mama mkwe, na kwa sauti ya kutetemeka akasema maneno yanayosemwa, yale aliyoyachelewesha miaka kumi na mmoja.

Blanketi likashuka polepole. Mama mkwe alimtazama mkwewe kuanzia viatu, akapanda kwenye magoti, akapanda kwenye mkanda wenye matundu mawili ya ziada, akafika usoni haraka kuliko alivyotegemea. Akamtazama Esteria, akalitazama tarumbeta, akamrudia tena huyu mtu mdogo aliyepiga goti mbele yake.

"Kumbe ndiye huyu," alisema. "Miaka yote hii nilidhani binti yangu ameolewa na jitu. Nimekuwa nikipika vyungu viwili."

Wanawake wakacheka. Yoeli akainamisha kichwa, lakini alikuwa anatabasamu.

"Na ule mlio wote," Bibi Bertila aliuliza, moja kwa moja, bila chungu, "unatoka wapi?"

Yoeli akainua uso akamtazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Tumboni, mama," alisema.